Kasisi na Daftari la Bustani

1. Kijiji cha Selborne

Upande wa kusini wa Uingereza, mwendo wa maili 50 hivi kutoka mji wa London, kipo kijiji kiitwacho Selborne. Kina njia moja kubwa, kanisa la mawe, nyumba zilizopangana kandokando ya njia, na nyuma yake kilima kirefu chenye msitu. Kijiji hicho hakikupata kuwa makao ya mfalme, wala hapakuchimbwa dhahabu. Hata hivyo watu wa nchi nyingi wamekwisha kulisikia jina lake, na wageni huenda kukitazama. Sababu yake ni mtu mmoja aliyekaa huko zamani, akalima bustani nyuma ya nyumba yake, na akaandika aliyoyaona. Mtu huyo ni Gilbert White, na hizi ndizo habari za maisha yake.

Alizaliwa kijijini hapo tarehe 18 Julai 1720, katika nyumba ya babu yake aliyekuwa kasisi wa Selborne. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto 11, ingawa wengine walikufa wangali wadogo. Babu alipofariki, jamaa walihamia nyumba nyingine iliyo karibu na kanisa, iitwayo Wakes. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa maskani yake mpaka kufa kwake.

Alipokua alipelekwa shule katika mji wa Basingstoke, kisha akaenda Oxford kwenye chuo kiitwacho Oriel. Alipata cheti chake cha kwanza mwaka 1743, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mmoja wa wakubwa wa chuo hicho. Mwaka 1749 akawa kasisi. Watu walidhani kwamba kijana mwenye elimu kama hiyo atatafuta kazi kubwa mijini, nayo kazi haikukosekana, maana chuo chake kilikuwa na makanisa mengi ya kuwapa watu wake. Lakini yeye alikataa makanisa kadha wa kadha, kwa sababu yangalimpeleka mbali na nyumbani. Tena kanisa la Selborne lenyewe lilikuwa chini ya chuo kingine, kwa hiyo hakuweza kuwa mkuu wake hata siku moja. Akakubali kuwa kasisi msaidizi tu, mara katika kijiji chake, mara katika vijiji vya jirani. Hakuoa. Nyumba yake, kijiji chake na bustani yake vilimtosha.

2. Daftari

Bustani ya Wakes haikuwa na udongo mwema. Ng'ambo ya pili ya njia kulikuwa na udongo mweusi, laini, unaopata joto upesi. Lakini upande wa nyumba yake ulikuwa mfinyanzi mzito, wenye kunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Mwenye udongo wa namna hiyo hana budi kuufanyia kazi miaka mingi kabla haujawa laini. Bwana White hakulalamika. Alitia samadi, na majivu, na mchanga, akapindua, akatia tena.

Mwezi wa Januari 1751, alipokuwa na umri wa miaka 30, alianza kuandika daftari la bustani. Kila alipofanya kazi aliandika tarehe, na jambo lililofanyika: mbegu gani imepandwa, imetoka wapi, imepandwa katika tuta lipi, imechipua baada ya siku ngapi, mvua imenyesha au haikunyesha, na siku gani chakula cha kwanza kimechumwa. Hakuandika mafanikio peke yake. Mbegu zilipooza, aliandika kwamba zimeoza. Konokono walipomaliza miche usiku mmoja, aliandika hivyo pia. Kwa ajili hiyo daftari lake lilikuwa msaada wa kweli. Maana mtu akiandika mambo mema tu, mwaka ujao atarudia makosa yale yale.

Daftari hilo aliliandika kwa muda wa miaka 20. Mwaka 1768 alianza na daftari jingine lenye mistari na nafasi zilizopigwa chapa, alilopewa na rafiki yake Daines Barrington. Humo aliandika joto la siku, upepo umetoka upande gani, mvua, maua yaliyofunguka, ndege waliofika na wadudu waliotokea. Hilo aliliandika mpaka mwaka wa kufa kwake. Basi ukiyaunganisha madaftari haya mawili, utaona kwamba aliandika habari za bustani na nchi yake kwa zaidi ya miaka 40.

Hakufanya kazi hizi peke yake. Alikuwa na mtumishi, jina lake Thomas Hoar, aliyekaa naye zaidi ya miaka 40. Thomas alilima, alimwagilia, na alifunika miche wakati wa baridi. Tunapomsifu Bwana White kwa kalamu yake, si haki kusahau jembe la Thomas.

3. Majira manne

Wasomaji wa nchi zetu wamezoea masika na vuli, kiangazi na kipupwe. Lakini Uingereza mwaka una majira manne ya namna nyingine, na mwenye bustani huko hana budi kuyafuata kama askari afuatavyo amri.

Mwezi wa Desemba, Januari na Februari ni wakati wa baridi. Miti mingi haina jani hata moja, na usiku mrefu. Mara nyingine theluji hufunika ardhi, na udongo hugandamana ukawa mgumu kama jiwe. Watu wengi wakati huo huacha bustani wakakaa motoni. Bwana White alianza kazi. Alitaka kula matango na matikiti, nayo ni mimea ya nchi za joto, isiyoweza kumea katika baridi ile. Basi alifanya hivi: alichukua samadi mbichi ya farasi, mikokoteni mingi, na ilipomwishia aliazima kwa majirani, akairundika iwe tuta refu na nene. Samadi mbichi ikirundikwa hupata moto ndani yake yenyewe, kwa sababu inaoza. Juu ya samadi aliweka udongo mzuri, na juu ya udongo aliweka visanduku visivyo na kitako, vyenye vifuniko vya kioo. Jua lilipita katika kioo, joto la samadi lilipanda kutoka chini, na mbegu zikachipua huku theluji ikiwa nje.

Kazi hiyo ilihitaji macho na subira. Samadi ikiwa mbichi mno, mizizi huungua. Ikiwa imepoa, miche hufa kwa baridi. Kioo kikifungwa siku nzima, mvuke huozesha majani. Kikifunguliwa mno, upepo huua. Usiku ilipasa kufunika kwa mikeka. Mara nyingi alishindwa, akapanda tena. Lakini kwa kuwa aliandika, kila mwaka alijua zaidi kuliko mwaka uliopita.

Machi, Aprili na Mei ni wakati wa kuchipua. Hapo ndipo bustani yote ilipopandwa: kunde za Kizungu, njegere, karoti, vitunguu, kabichi, figili na saladi. Alipanda zaidi ya namna 40 za mboga, na nyingine majirani zake hawakupata kuziona. Hata mahindi alijaribu.

Juni, Julai na Agosti ni wakati wa joto. Majani ya malisho hukatwa na kuanikwa, na matunda huiva kwenye kuta zenye jua. Ndipo nyigu walipokuja. Miaka mingine walikuwa wengi hata wakataka kumaliza zabibu na matunda yote. Watu wa nyumba yake walichukua vijiti, wakavipaka ulimbo kwenye ncha, wakanasa nyigu kwa maelfu, kama ninyi mnavyonasa ndege. Vijana walitumwa pia kuharibu viota. Lakini katika kutazama, Bwana White alitambua jambo bora. Nyigu wote wa kiangazi huzaliwa na mama wachache wakubwa wanaoishi mpaka majira ya baridi yapite. Basi akawaagiza vijana wawaue mama hao mwanzo wa majira ya kuchipua, kabla hawajajenga. Kumwua mmoja wakati huo kulikuwa sawa na kuharibu kiota kizima baadaye.

Septemba, Oktoba na Novemba majani hupukutika. Huo ndio wakati wa kuvuna viazi, kuhifadhi matofaa ghalani, kukusanya mbegu za mwaka ujao, na kupindua udongo ili baridi iuvunjevunje. Kisha mwaka huanza tena.

4. Bustani za wafanya kazi

Hapo kale maskini wa Uingereza walikula mboga kidogo sana. Wakati wa baridi chakula chao kilikuwa mkate, na nyama au samaki wa chumvi, miezi mingi mfululizo. Wengi walipata magonjwa ya ngozi na ya ufizi. Bwana White aliona mabadiliko wakati wa uhai wake. Viazi vya Kizungu, ambavyo watu wa kijiji hawakuvipenda mwanzo, vilienea katika muda wa miaka 20 hivi, kwa sababu wale waliokubali kuvipanda walipewa zawadi ndogo. Kila mfanya kazi mwenye bidii alikuwa na kipande chake cha bustani karibu na nyumba. Bwana White aliandika kwamba kipande hicho kilimpa mtu nusu ya riziki yake, na kilikuwa furaha yake vilevile.

Alidhani pia kwamba kula mboga na nyama isiyotiwa chumvi ndiko kulikoufanya ukoma upungue katika nchi. Katika neno hilo hakupata kweli yote. Tangu mwaka 1873 tunajua kwamba ukoma huletwa na kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Lakini alikuwa karibu na kweli nyingine, maana mtu asiyekula mboga na matunda mabichi kwa muda mrefu hupatwa na kiseyeye, ufizi ukavimba na kutoka damu. Bustani ndogo iliyo nyuma ya nyumba ilikuwa dawa kabla waganga hawajajua kwa nini.

5. Sifa ya nyungunyungu

Wakulima wa wakati ule waliwachukia nyungunyungu. Waliwadhania kuwa wanakula mimea na kuchafua bustani kwa vile vichungu vidogo vya udongo wanavyovitoa juu. Mwenye bustani akimwona mmoja, alimwua.

Bwana White alitoka usiku na taa, akawatazama wakifanya kazi. Aliwaona wakiyavuta majani makavu na vijiti vya nyasi mpaka ndani ya mashimo yao. Aliona kwamba mashimo hayo hulegeza udongo, yakaruhusu maji ya mvua na mizizi kupita, na kwamba vile vichungu ni samadi njema. Mwaka 1777 alimwandikia Barrington barua juu ya jambo hilo. Alieleza kwamba mnyama huyu, ingawa ni mdogo na wa kudharauliwa, akiondolewa duniani hasara itakuwa kubwa, kwa kuwa ardhi itakuwa baridi, ngumu na isiyozaa.

Watu wengi hawakujali. Miaka zaidi ya 100 ikapita. Mwaka 1881 mtaalamu mkubwa Charles Darwin alitoa kitabu kizima juu ya kazi ya nyungunyungu katika udongo, na dunia ikakubali. Lakini yule kasisi wa kijijini alikuwa ameyaona hayo kwanza, kwa sababu aliinama akatazama mahali ambapo wengine walipita wakikanyaga.

6. Miaka ya taabu

Si kila mwaka uliokuwa mwema. Tangu mwaka 1779 Bwana White alipima mvua kijijini. Mwaka 1781 ilinyesha mvua ya inchi 31 kasoro kidogo. Mwaka 1782 ikanyesha zaidi ya inchi 50. Mwenye bustani aweza kujua maana ya tofauti hiyo. Tuta lililofaa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili likawa ziwa.

Kisha ukaja mwaka 1783. Kuanzia tarehe 23 Juni ukungu wa ajabu uliifunika nchi, nao ulikaa mpaka tarehe 20 Julai. Haukuwa ukungu wa kawaida, maana haukuondoka kwa jua wala kwa upepo. Jua la adhuhuri lilionekana limefifia kama mwezi wenye mawingu, na wakati wa kuchwa lilikuwa jekundu kama damu. Joto lilikuwa kali, hata nyama iliyochinjwa leo kesho haikulika. Watu wa vijijini wakaogopa, wakidhani ni ishara ya mabaya. Bwana White naye hakujua sababu, wala hakujifanya anajua. Aliandika tu tarehe, upepo, rangi ya jua na hali ya mimea.

Sisi leo twajua. Katika kisiwa cha Aisilandi, mbali kaskazini, ardhi ilipasuka tarehe 8 Juni mwaka ule mahali paitwapo Laki, ikatoa moto na moshi wa sumu kwa muda wa miezi minane. Huko maelfu ya watu walikufa kwa njaa, na moshi ukachukuliwa na upepo hata Ulaya. Wataalamu wanaochunguza msiba huo hutazama maandishi ya watu kama Bwana White, walioandika kila siku bila kuongeza neno.

Mwezi wa Desemba 1784 ikaja baridi isiyosahaulika. Usiku wa tarehe 10 kipimo chake cha joto kilishuka karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Miti mizuri aliyoitunza miaka mingi iliharibika. Alikuwa na umri wa miaka 64 wakati huo. Alipima, akaandika, na theluji ilipoyeyuka akarudi kwenye matuta yake.

7. Kobe wa bustani

Katika bustani alikuwamo pia kobe mzee, jina lake Timothy. Shangazi yake, aliyekaa mbali katika mji mwingine, alimfuga miaka 40 hivi. Shangazi alipofariki mwaka 1780, Bwana White alimchimbua kobe kutoka udongoni alimokuwa amelala usingizi wa baridi, akamtia katika sanduku, akampeleka Selborne kwa gari la farasi mwendo wa maili 80. Mtikisiko wa njia ulimwamsha.

Tangu siku hiyo kobe akawa kama kalenda ya pili. Bwana White aliandika siku alipojizika kila mwaka na siku alipofufuka, alivyokula, uzito wake, na jinsi alivyokimbilia chini ya majani mvua ilipokaribia, ingawa gamba lake lingeweza kuhimili gurudumu la mkokoteni. Mara moja alimpigia kelele kwa baragumu ajue kama anasikia, kobe hakujali. Watu wote walimwita kwa jina la kiume. Alipokufa, mwaka mmoja baada ya bwana wake, na gamba lake kuchunguzwa, ilijulikana kwamba alikuwa jike.

8. Fumbo la mbayuwayu

Jambo moja lilimsumbua Bwana White maisha yake yote. Kila mwaka, mwezi wa Aprili, mbayuwayu walifika Selborne, wakajenga viota chini ya paa za nyumba. Katika majira ya kupukutika majani walitoweka. Walikwenda wapi?

Watu wengine walisema wanalala chini ya maji ya mito kama vyura. Wengine walisema wanavuka bahari kwenda nchi za joto. Ndugu yake John, aliyekuwa kasisi huko Gibraltar, aliwaona kwa macho yake wakivuka mlango wa bahari kati ya Ulaya na Afrika. Bwana White aliiamini habari hiyo. Lakini katika daftari lake aliona mambo mengine. Baadhi ya mbayuwayu walionekana tena mwezi wa Novemba siku yenye jua, baada ya wenzao kwenda. Kwa hiyo alishuku kwamba baadhi yao hawaendi popote, bali hujificha katika mashimo na vichaka vya kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba yake, wakalala kama kobe.

Dhana hiyo hakuiacha ikae kichwani tu. Aliijaribu. Mwezi wa Aprili 1781 aliajiri wafanya kazi wawili, akawapeleka kilimani wapekue vichaka na mashimo yote. Walipokuwa wakitafuta, mbayuwayu mmoja akaja akiruka chini kwa chini katika njia ya kijiji, akaingia katika kiota cha mwaka uliopita chini ya paa la nyumba ya jirani. Kilimani hawakupata kitu. Bwana White aliandika yote mawili: kwamba walitafuta, na kwamba ndege alikuja kwa njia nyingine. Hakuficha jambo lililokuwa kinyume cha dhana yake. Hata hivyo shaka haikumtoka, na alikufa bila kulifumbua fumbo.

Jawabu lilipatikana muda mrefu baadaye. Mwezi wa Mei 1911 bwana mmoja wa Staffordshire, huko Uingereza, alimkamata mbayuwayu aliyejenga kwenye nyumba yake, akamvika kibati kidogo mguuni chenye namba, akamwachilia. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege yule yule akapatikana katika nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Ndege mwenye uzito usiofikia wa mayai mawili ya njiwa alikuwa amepita juu ya Afrika yote.

Basi lile ambalo Bwana White alilitafuta katika vichaka vya nyumbani kwake, ninyi wanafunzi mmeliona mara nyingi juu ya mashamba yenu. Tangu mwezi wa Septemba au Oktoba mpaka Aprili, mbayuwayu wa Ulaya huonekana katika nchi za Afrika ya Mashariki, wakikamata wadudu juu ya majani na kukaa mistari mistari kwenye nyaya za simu. Mtoto wa hapa aliweza kumjibu yule mwenye elimu wa Oxford, kama mmoja angaliweza kumfikishia mwenziwe neno.

9. Kitabu chake na mwisho wake

Kwa miaka 20 Bwana White alikuwa akiwaandikia barua marafiki wawili, Barrington na Thomas Pennant, akiwaeleza habari za ndege, wanyama, hali ya hewa na udongo wa Selborne. Wakamhimiza azipige chapa. Yeye alikawia, akisahihisha na kuongeza. Hata mwisho ndugu yake Benjamin, aliyekuwa mwuza vitabu London, akakitoa kitabu hicho, chenye tarehe ya mwaka 1789. Mwandishi alikuwa na umri wa karibu miaka 70. Tangu wakati huo kitabu hicho kimepigwa chapa mara nyingi mno, na hata leo kinasomwa.

Aliendelea na kazi zake kama kawaida. Mwezi wa Juni 1793 alikuwa bado akiandika daftari lake na kuwazika wafu wa kijiji. Kisha akaugua, na tarehe 26 Juni akafariki katika nyumba yake, mwenye umri wa miaka 72. Alizikwa katika uwanja wa kanisa. Jiwe la kaburi lake ni dogo, nalo lina herufi mbili za jina lake na tarehe ya kufa kwake. Nyumba ya Wakes imekuwa nyumba ya ukumbusho tangu mwaka 1955, na bustani yake hulimwa.

Wengi wenu mna tuta katika bustani ya shule, na nyumbani mama zenu wana mchicha, kunde na maboga. Yawezekana mnadhani kwamba mahali hapo ni padogo mno pa kufundisha mtu neno jipya. Bwana White hakuwa na mahali pakubwa kupita kiasi, na udongo wake ulikuwa mbaya. Alikosea juu ya mbayuwayu, na alikosea juu ya ukoma. Lakini aliandika tarehe, aliandika kilichoonekana, na aliandika hata yale yaliyomkataa. Kwa hiyo wale waliokuja nyuma yake waliweza kumsahihisha, na katika kumsahihisha waliendelea mbele. Asiyeandika hasahihishwi, husahauliwa tu. Mbayuwayu watakapofika tena mwaka huu, tazameni ni siku gani, mkaiandike.

Maswali

1. Kwa nini Gilbert White hakuweza kuwa kasisi mkuu wa Selborne?
2. Eleza jinsi alivyoweza kuotesha matango wakati wa theluji.
3. Nyungunyungu hufanya kazi gani katika udongo?
4. Ukungu wa mwaka 1783 ulitoka wapi?
5. Mwezi wa Aprili 1781 alitafuta nini kilimani, na jambo gani lilitokea njiani?
6. Andika daftari la tuta lako kwa muda wa mwezi mmoja. Usiache kuandika yaliyoharibika.